Chesko aliwanenepesha marehemu wetu wote kwenye bango, tairi la lori ndilo lililonirudishia Mlingoti

Kamwene wakuu.

Kwa wasio wa huku, hiyo ndiyo salamu yetu Wabena, nanyi mnaitikia kwa neno hilo hilo.

Ninachokileta hapa kimenitokea mimi mwenyewe. Atakayebisha aje Makambako aniulize, kibanda changu cha kuchaji simu na kuuza vocha hakijifichi. Nimeishia darasa la saba, kwa hiyo uandishi wangu mtanivumilia. Wale wa IT mtacheka baadhi ya mambo. Chekeni tu, ila mkimaliza mnisaidie, maana mwisho nina swali.

Mada yenyewe ni picha. Namna ya kupunguza saizi ya picha nyingi kwa mkupuo, nyingine za wima nyingine za mlalo, bila watu waliomo kunenepa wala kukatwa miguu.

Najua kuna mtu anasema, hilo nalo ni la kufungulia uzi?

Subiri.

Miaka imepita sasa. Nilikuwa mpakiaji wa mbao. Tulitoka Kifanya na mzigo, tumekaa juu yake kama kawaida yetu wapakiaji, lori likaacha njia kabla ya kufika Njombe mjini. Tulipanda tisa. Tulioshuka tukiwa hai ni wawili. Mwenzangu alihama mkoa, hataki hata kupigiwa simu. Mimi mguu wa kushoto niliuacha pale pale.

Lori lilikuwa la Laurenti. Namtaja. Watu huku wanapenda kusema "yule mwenye lori" kama vile mama yake hakumpa jina. Anaitwa Laurenti, na siku ile ya msiba alisimama mbele ya majeneza akasema gari lake lilikuwa zima, matairi mapya, tatizo ni dereva. Dereva alikuwa ndani ya jeneza mojawapo, kwa hiyo hakujibu.

Haya, tuache hayo. Nitayarudia.

Kati ya waliokufa alikuwepo rafiki yangu Obedi. Sisi tulimwita Mlingoti. Milingoti ni ile miti iliyonyooka kwenda juu mpaka shingo inauma ukiitazama, huku imejaa. Obedi alikuwa hivyo. Akisimama chini tulikuwa tunampa mbao anampokeza mtu wa juu ya lori bila kupanda kitu. Suruali zote zilimwishia juu ya kifundo cha mguu. Tulimtania mpaka tukachoka, yeye anacheka tu.

Mwaka huu familia za marehemu zikakubaliana tufanye ibada ya kumbukumbu kwa pamoja, kwenye ukumbi wa usharika, liwekwe na bango kubwa lenye picha za wote saba. Na kwenye TV ya ukumbi zipite picha nyingine za maisha yao, harusi, kipaimara, shambani, vyovyote walivyopigwa.

Kamati ikatoa agizo moja ambalo mimi niliona ni la busara kabisa. Picha zote ziwe saizi moja. Asionekane marehemu wa familia hii mkubwa na wa familia ile mdogo. Huku kwetu jambo kama hilo linaweza kuvunja undugu. Watu wanahesabu hata nani alitajwa wa kwanza kwenye shukrani.

Kazi akapewa Chesko. Naye namtaja. Ana duka la kuprinti hapa Makambako, mabango ya parachichi na ya mbao karibu yote ni yake.

Familia zikarusha picha kwenye grupu. Nyingi mno. Mama yake Obedi hana simu ya kurushia picha. Alikuja mwenyewe kutoka Kifanya, akafungua fundo la kitenge, akatoa memori kadi. Ile iliyotoka kwenye simu ya Obedi. Simu ilisagika, kadi ikapona. Ameitunza miaka yote hiyo ndani ya fundo, akibadili kitenge anaihamisha.

Picha nyingine za mwanawe akiwa mtu mzima hana. Za utoto zipo mbili, ndiyo basi.

Akampa Chesko kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata Chesko akaita watu waje waone bango la majaribio. Nilienda na magongo yangu, mama naye akaja. Bango limetandikwa mezani.

Wakuu, sijui niseme nini. Watu saba, wote wanene. Mashavu yamejaa kama wanapuliza moto. Yule dereva, mtu mkavu kabisa, amekuwa kama mfanyabiashara wa nyama. Lakini aliyeumia zaidi ni Mlingoti. Alikuwa amesimama kando ya lori, sasa amekuwa mfupi, mpana, mabega yamejaa fremu nzima, miguu kama vigogo vya kukalia.

Mama alimtazama muda.

"Huyu ni nani?"

"Mwanao, mama," Chesko akasema. "Huoni fulana?"

"Fulana ni yake. Mtu si yeye."

"Mama, picha zilikuwa zinatofautiana, nyingine zimesimama nyingine zimelala. Nimezinyoosha zote ziwe sawa kama kamati ilivyotaka. Mashine haina macho."

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Na mimi nini?"

"Huna macho?"

Akanuna. Mama akasema polepole, "Nimekuletea mtu mrefu, unanirudishia kifurushi."

Nikamwambia Chesko basi rudisha zile za mwanzo, uanze upya. Hapo ndipo akaanza kukuna shingo. Za familia nyingine zipo kwenye grupu, hizo hazina shida. Za kadi ya Obedi alizifanyia kazi humo humo ndani ya kadi, akazisevu juu ya zile zile. Za mwanzo hazipo. Kila picha ya Obedi iliyobaki duniani ni hiyo iliyobanwa.

Nilitamani kumpiga gongo. Kweli kabisa.

Akajaribu kuokoa hali. Akakaa kwenye kompyuta, akafanya namna nyingine, ya kukata. Yaani picha haivutwi, bali panachukuliwa katikati tu panapoenea kwenye boksi, kwingine kunatupwa. Akaonyesha kwenye skrini. Obedi bado mpana, na sasa ameishia magotini.

Mama akasema, "Ninyi mmemkata miguu."

Kisha akageuka akaona suruali yangu ilivyokunjwa upande wa kushoto. Chesko akazima skrini.

Wakati wa kuondoka mama akaniambia neno ambalo lilinisumbua siku zote zilizofuata. "Mkiona haiwezekani, msimweke. Mimi nitakuja hata nafasi yake ikiwa tupu. Ila msiniwekee mtu mwingine nimlilie."

Ibada ilikuwa imebaki Jumapili moja katikati.

Nikachukua kadi.

Sasa wakuu, hapa ndipo mimi mwenyewe nilianza kuingiwa na udadisi. Hasira ilikuwepo, lakini kuna swali lilikuwa linanizunguka. Picha inanenepaje? Kitu kilichokuwa kirefu kinafupishwaje na hakuna kilichokatwa? Ule urefu umekwenda wapi?

Nikapanda gari kwenda Njombe kwa Edina. Huyu ni mwanamke tuliyesoma naye darasa moja, yeye aliendelea mbele kidogo, sasa ana stationery. Ubishi wetu ulianzia shuleni. Asubuhi ile kulikuwa na baridi ile ya Njombe ya kuvaa koti ndani ya nyumba, yeye amekaa kwenye kompyuta na kofia ya sufu na glavu zilizokatwa vidole.

"Kamwene, kaka. Umekuja kununua au kubishana?"

"Kubishana."

"Basi chota chai kwanza."

Nikamweleza yote. Akasema yeye huwa anapunguza picha moja moja za pasipoti, za mkupuo hajawahi. Lakini programu ya bure anayo. Tukakubaliana tuanze na picha za familia nyingine kutoka kwenye grupu, kwa sababu zile za mwanzo zipo, tukiharibu hatuui mtu. Kadi ya Obedi tusiiguse mpaka tujue tunachofanya. Na hata tukijua, tunakopi kwanza kwenye folda nyingine, kadi inarudi kwenye fundo.

Hapo tayari tulikuwa tumemzidi Chesko.

Programu ina sehemu mbili za kuandika namba, width na height. Edina akaniambia ya kwanza ni upana, ya pili ni kimo. Katikati kuna kialama kama mnyororo.

"Huu mnyororo wa nini?"

"Huwa siugusi."

Tukaugusa. Ukiwa umefungwa, ukiandika namba moja ile nyingine inajijaza yenyewe. Ukiwa umefunguliwa, kila namba inakaa unavyotaka wewe.

Edina akafungua mnyororo, akaandika upana 1200, kimo 800, akabonyeza. Picha zote zikatoka kama za Chesko. Marehemu wote wanene tena.

Nilicheka kwa hasira. Yaani kosa zima la Chesko ni hilo! Kiboksi chenye umbo la mlalo, akamlazimisha aliyesimama aingie akijaze. Urefu haukwenda popote, umesukumwa chini, na upana ukavutwa pembeni.

Jaribio la pili. Tukafunga mnyororo, tukaandika upana tu, 1200. Za mlalo zikatoka safi, 1200 kwa 900. Za wima zikatoka 1200 kwa 1600. Hakuna aliyenenepa, lakini waliosimama wamekuwa majitu, wakiwekwa pamoja na waliolala wanawameza. Kamati ingetufukuza.

"Kwa nini wamekuwa wakubwa hivi?" nikamuuliza.

"Kwa sababu umewaambia wote wawe na mabega sawa."

Nikalifikiria hilo mpaka chai ikapoa. Ni kweli. Ukitoa upana mmoja kwa wote, mtu wa wima upana wake ndio upande mfupi. Ukiupa upande mfupi namba kubwa, ule mrefu unakwenda mbali zaidi.

Jaribio la tatu ndilo nataka mlishike. Tulizunguka zunguka kwenye menyu, Edina akaona mahali pameandikwa longest side. Upande mrefu. Hapo huandiki upana wala kimo. Unaandika namba moja, programu yenyewe inaangalia kila picha, upande wake mrefu ni upi, inaupa namba hiyo, na ule mfupi unafuata kwa uwiano wake.

Tukaweka 1200. Za mlalo, 1200 kwa 900. Za wima, 900 kwa 1200. Ni picha zile zile za boksi moja, moja umeilaza moja umeisimamisha. Kama mbao. Mbao ya futi kumi na mbili ukiiegemeza ukutani haigeuki kuwa mbao nyingine.

Folda nzima, mamia ya picha, kwa mbonyezo mmoja. Edina akapiga makofi na glavu zake.

Furaha haikudumu. Tukaona baadhi ya watu wamelala ubavu. Kwenye simu yangu picha inaonyesha mtu amesimama, kwenye kompyuta ya Edina baada ya kupunguzwa amelala. Dada mmoja wa kwaya, aliyekuwa amepewa lifti kwenye lori lile, mkanda mzima wa picha zake, amelazwa kama yuko mochwari. Nikasema hizi haziendi ukumbini hata kwa bunduki.

Hili lilituchukua mchana wote. Nilikuwa nashika simu yangu, napiga picha ya kikombe nikiwa nimeisimamisha, napiga tena nikiwa nimeilaza, tunahamisha, tunaangalia. Mwisho tukaelewa hivi, wa IT mnisahihishe. Simu nyingine hazigeuzi picha. Zinaihifadhi ikiwa imelala, kisha zinaambatanisha maelezo madogo ndani yake, kwamba huyu mtu akionyeshwa asimamishwe. Simu inayasoma, inamsimamisha. Programu yetu ilikuwa inapunguza picha na kuyatupa yale maelezo.

Dawa yake ni kuweka tiki mahali pa kuzungusha picha kufuata maelezo hayo, kabla ya kupunguza. Tukaweka. Wote wakasimama.

Nilishangaa sana jambo hilo. Kwamba ndani ya picha kuna neno lisiloonekana linalosema mtu huyu alikuwa amesimama.

Sasa ikabaki kadi ya Obedi.

Tulikopi. Tukafungua. Picha nyingi, zote 1200 kwa 800, zote zimebanwa. Programu haiwezi kusaidia hapa, kwa sababu kwake yeye hiyo ndiyo picha yenyewe. Ukiiambia itunze uwiano, itautunza ule ule ulioharibika.

Edina akasema, "Kaka, tuvute kwa macho tu. Wewe ulimjua. Akifikia urefu wake, niambie simama."

Akawa anapunguza upana kidogo kidogo, Obedi anarefuka. Nikasema simama. Nikafumba macho, nikafumbua, nikaona amezidi. Rudisha. Nikasema simama tena. Mara naona amepungua. Wakuu, ndipo nilipogundua jambo baya kuliko yote. Sikuwa na uhakika tena. Nilifanya kazi na mtu yule miaka, nikila naye kwenye sahani moja, na sasa sikuweza kuapa alikuwa mwembamba kiasi gani. Nilianza kuogopa kwamba nitampelekea mama mtu niliyemtunga mimi.

Edina naye akawa anaiangalia picha.

Obedi amesimama kiwandani Kifanya, mkono uko juu ya bodi ya lori lile lile la Laurenti, nyuma yake tairi la mbele. Lori limepigwa picha ubavuni moja kwa moja.

Na tairi lilikuwa kama yai lililolazwa.

"Edina," nikasema, "Obedi simjui vizuri. Lakini tairi nalijua."

Akaelewa papo hapo. Akachukua rula ya shule akaiweka kwenye skrini. Tairi kwa upana, sentimita nane. Kwenda juu, nne.

Mara mbili kamili.

Kwa hiyo upana ukigawanywa kwa mbili, tairi linakuwa duara. Na tairi likiwa duara, kila kitu kilicho kwenye picha hiyo kimerudi mahali pake, pamoja na mtu.

Edina mbishi, akasema, "Tairi likipigwa picha kimshazari haliwi duara hata picha ikiwa nzima. Tusije tukajidanganya." Ana haki. Tukatafuta picha nyingine iliyokuwa ya wima kwenye kadi. Tukapata moja ya ndani kwa mama yake, ukutani kuna saa ya mviringo. Rula. Mara mbili tena.

Tukafungua mnyororo, tukaandika 600 kwa 800. Edina akabonyeza.

Mlingoti akasimama.

Shingo yake ile. Mikono mirefu. Suruali imeishia juu ya kifundo. Nilitoka nje nikasimama kwenye baridi, nikasingizia simu.

Niliporudi Edina alikuwa ameshazigawa mafungu mawili, za wima zote zikaenda 600 kwa 800 kwa mkupuo. Za mlalo zilikuwa zimebanwa kidogo tu, na kwa kuwa simu ni ile ile na umbo lake la picha tumeshalijua, akapiga kalkuleta akazipa 1067 kwa 800. Zikanyooka. Ukungu kidogo upo, siwezi kuwadanganya, kilichopotea kwa Chesko hakirudi chote. Lakini umbo lilirudi.

Kuhusu agizo la kamati, tulitengeneza maboksi saba yanayolingana kabisa, rangi ya kijivu. Kila picha imewekwa ndani bila kuvutwa wala kukatwa. Ya wima inabakiza kijivu pembeni, ya mlalo inabakiza juu na chini. Kinacholingana ni boksi. Mtu aliyemo anabaki na umbo lake. Kamati walipoona wakasema sawa, wala hakuna familia iliyolalamika.

Aliyelalamika ni mmoja.

Jumamosi tuko ukumbini tunafunga bango. Laurenti akaja, ndiye aliyetoa viti na turubai. Akapita anaangalia, anasalimia, mkono nyuma. Akafika kwa Obedi akasimama. Akasogea karibu. Kisha akaniita pembeni kwa upole kabisa.

"Kaka, kazi nzuri. Nzuri mno. Ila hii ya kijana mrefu, huwezi kuikata kidogo hapo pembeni na chini? Hilo tairi linaharibu picha."

Nikaangalia alichokiona. Kweli sikuwa nimekiona hivyo hata mimi, nilikuwa nahangaika na duara tu. Tairi lilipokuwa limebanwa ulikuwa unaona weusi tu. Sasa limekuwa duara, na likiwa duara linaonekana lilivyo. Ukingo wake wote hauna kashata hata moja, yaani yale meno ya kukamata barabara. Kipara. Lile tairi jipya lililoapiwa mbele ya majeneza.

Simaanishi picha ni kesi. Kesi ilishaisha zamani, lawama zote akabebeshwa marehemu dereva. Nawaeleza nilichokiona.

Nikamwambia, "Laurenti, tairi liko nyuma ya miguu yake. Nikilikata, namkata miguu."

"Kidogo tu, kaka."

"Miguu imeshakatwa ya kutosha kwenye lori lako."

Akatazama chini. Nadhani alitaka kutazama pengine, macho yakaangukia upande wangu wa kushoto. Jumapili alikaa safu ya nyuma.

Mama alikuja mapema, peke yake, kabla ya watu. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Alipita kwenye maboksi yote polepole, anawasalimia mmoja mmoja kwa majina. Akafika kwa wa kwake.

Hakulia. Alipandisha mkono kutoka kwenye viatu, akaupitisha juu ya picha taratibu mpaka kichwani, ikabidi asimame kwa vidole.

"Sasa huyu amesimama," akasema.

Kisha akanigeukia. "Hili tairi mliache. Alipenda kuegemea hapo akinisubiri niwaletee chakula."

Nikamrudishia kadi. Akaifunga kwenye fundo.

Nilichojifunza wakuu, kwa lugha yangu ya darasa la saba. Picha zikiwa mchanganyiko, usizipe upana na kimo vyote viwili. Toa upande mrefu tu, ule mwingine ufuate wenyewe. Weka tiki ya kuzungusha. Sevu kwenye folda mpya, kamwe usisevu juu ya za mwanzo, na kadi ya mtu ni kama kaburi lake, huchimbi humo. Na kama uharibifu umeshafanyika, tafuta ndani ya picha kitu unachojua kwa hakika kuwa ni duara. Tairi, saa, kifuniko cha sufuria kilichotazama mbele. Usitegemee kumbukumbu yako ya mtu uliyempenda, mimi yangu ilinikimbia ndani ya robo saa.

Chesko tumeonana, ameniomba nimwonyeshe ule mnyororo. Nimemwonyesha. Kumsamehe ni jambo jingine, linanichukua muda.

Sasa swali langu.

Mama yake Obedi ana mlango wenye alama ya msumari kwenye mwimo. Alikuwa anampima pale kila mwaka mpaka alipoacha kukua. Ameniuliza kama ile picha inaweza kuprintiwa ikafika kwenye ule msumari, viatu vikiwa sakafuni, aiweke pale pale mlangoni. Picha ninayo ya 600 kwa 800 tu. Edina anasema itatoka ukungu mtupu. Mimi nadhani ukiitazama kutoka upande wa pili wa chumba huenda isiwe mbaya, lakini sijui.

Kuna aliyewahi kukuza picha ndogo kiasi hicho? Alitumia nini, na ilitokaje? Picha za mfano mkiweka itanisaidia zaidi.

Urefu wa kutoka sakafuni hadi msumarini nitaenda Kifanya kuupima mwenyewe. Upana msijali, upana utafuata wenyewe.